Mbwa wako achanjwe mara ngapi?

Ukipita Mulongwe, Kimanga au Kalundu ukiwauliza wenye mbwa, wengi watakujibu: "Alichanjwa zamani, ana nguvu." Zamani ni lini? Na alichanjwa ugonjwa gani? Kila chanjo ina muda wake, na katika mji kama Uvira, uliobanwa kati ya milima na ziwa, muda huo haufai kukisiwa.

1. Anza na kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha arudiwe baada ya mwaka mmoja, hata kama chupa imeandikwa miaka mitatu. Kuanzia hapo, fuata maandishi ya chupa: chanjo nyingine hudumu mwaka mmoja, nyingine mitatu. Mwombe veterineri akuonyeshe chupa kabla hajavuta dawa, na aandike jina la chanjo na tarehe kwenye kadi.

2. Lakini hapa kwetu, mimi nashauri kila mwaka. Mbwa wa Uvira hafungiwi uani. Anazunguka soko, anashuka ufukweni kwenye dagaa, anakutana na mbwa waliofuata watu kutoka Sange, Luvungi, au ng'ambo ya mpaka kule Gatumba. Halafu kuna kadi. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, yalibeba nyumba nzima, na vita imeondoa familia nyingi mikono mitupu. Ikiwa huna kadi wala huikumbuki tarehe, mhesabu mbwa kuwa hajachanjwa, umwanze upya. Sindano ya ziada haimdhuru. Sindano iliyokosekana inaweza kumuua mtoto wa jirani.

3. Uliza chanjo ilikaa wapi. Inatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, nawe unajua umeme wetu. Kuna habari njema: utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa iliyokaa miezi mitatu kwenye nyuzi 30 iliendelea kuwapa mbwa kinga. Usilichukulie hilo kama ruhusa kwa kila chupa. Chanjo za distempa na parvo zina virusi hai vilivyodhoofishwa, na joto huziharibu upesi. Chupa iliyoletwa mfukoni, bila barafu, ikatae kwa heshima.

4. Kwa distempa na parvo, weka pesa zako utotoni. Parvo humharisha damu mtoto wa mbwa na kumuua kwa siku chache. Distempa huanza na makamasi na macho machafu, na mara nyingi huishia kwenye kifafa. Anza akiwa na wiki sita hadi nane, rudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, na usikome kabla hajafikisha wiki 16. Sababu ya kurudia ni maziwa ya mama: kinga aliyonyonya huizima chanjo, na hakuna ajuaye itamwisha wiki gani. Sindano moja ya wiki ya nane, ambayo wengi huridhika nayo, inaweza kupotea bure. Mrudie tena akiwa na miezi sita au mwaka. Baada ya hapo, miaka mitatu mitatu inatosha. Anayekutoza chanjo hizi kila mwaka, muulize sababu.

5. Leptospira haingoji miaka mitatu. Watanzania waliifahamu kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022. Inatoka kwenye mkojo wa panya, inakaa kwenye maji yaliyotuama, na inampata mtu pia. Ukiishi karibu na ziwa au kwenye mtaa unaojaa maji kila masika, mwombe veterineri chanjo hii akiweza kuipata: sindano mbili za mwanzo zikiachana wiki mbili hadi nne, kisha moja kila mwaka, kabla ya mvua.

6. Kampeni ikija mtaani, peleka wote. Mzee, mwembamba, anayenyonyesha, hata kitoto cha wiki sita. Huyo mdogo utamrudia akifikisha miezi mitatu.

7. Changeni kwa avenyu. Chupa nyingi za chanjo ya kichaa zina dozi kumi, na ikishafunguliwa haifiki kesho. Mbwa kumi wa majirani wakikusanywa asubuhi moja, gharama inagawanyika na hakuna tone linalomwagwa. Faida nyingine ni kubwa zaidi. Ugonjwa hukatika pale mbwa wapatao 70 katika kila 100 wanapokuwa na kinga, na hesabu hiyo hushuka haraka kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana na vitoto vinazaliwa kila msimu. Ndiyo maana mtaa uliochanja mwaka juzi tu hauna ulinzi leo. Kisiwani Pemba, Tanzania, waliyaona haya: kichaa kilitoweka mwaka 2014, kikarudi 2016, na ikabidi kampeni za chanjo ziendelee hadi kilipotoweka tena 2018.

8. Kadi ya mbwa isikuzuie kwenda hospitali. Mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda siku hiyo hiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba alichanja. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira: akiwezekana kufungwa salama, aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima baada ya hapo, hakuwa na kichaa katika mate yake siku ile, na daktari ataamua kama sindano zilizobaki zinahitajika.

9. Chagua tarehe ya kuchanja isiyosahaulika. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na kwetu inaangukia mvua zikianza. Piga picha kadi kwa simu, mtumie na ndugu aliye Bukavu au Bujumbura, na kadi yenyewe iweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya watoto.