Jeni Mlinzi wa Ini na Gorogoro ya Mahindi

Wengi hudhani saratani ya ini ni ugonjwa wa walevi tu. Sisi wa Kibera, na jirani zetu wa Kawangware, tunaonunua mahindi kwa gorogoro, naona heri somo tulianzie kwenye mahindi.

Kila seli ina jeni, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa herufi nne za kikemia: A, C, G na T. Jeni moja, TP53, ni kama askari wa zamu. Seli ikiharibika, huisimamisha irekebishwe. Ikishindikana, huiamuru ife. Askari huyu akilemazwa, seli mbovu zaweza kuzaana ovyo hadi ziwe saratani.

Nani humlemaza? Mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu, na kuvu fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Ajabu ni kwamba ini lenyewe, likijaribu kuivunja sumu hiyo, huigeuza kali zaidi, ikang'ang'ania jeni. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza saratani za ini kutoka China na kusini mwa Afrika walikuta kosa lile lile likijirudia: katika neno la 249 la TP53, AGG imekuwa AGT. Herufi moja tu! Kumbe mwizi huacha alama ya kidole.

Kwetu hii si hadithi. Utafiti wa Murang'a uliochapishwa 1973 uliihusisha aflatoksini ya chakulani na saratani ya ini. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa; hao waliuawa upesi na wingi wa sumu, bila kungojea saratani.

Walevi nao hawajasalimika. Pombe, unene na kisukari hulijaza ini mafuta, kisha makovu. Seli hugawanyika tena na tena kujirekebisha, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea. Wengine huzaliwa na aina ya jeni PNPLA3 inayofanya mafuta yakwame. Virusi vya hepataitisi B vikikutana na aflatoksini, hatari huongezeka mara nyingi. Watoto wachanga wa Kenya huchanjwa dhidi yake tangu 2001.

Kuna wanaosema ati ugali ukiiva sumu hufa. La! Moto wa jiko hauimalizi. Chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu kabla ya kwenda kwa kisiagi. Wala usimpe ng'ombe hayo makapi, maana sumu hutokea kwenye maziwa.