Siri ya anayetibiwa ulevi ni sehemu ya dawa yake



Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tunaipenda sana tunapomlaumu mgonjwa, lakini ni mara chache tunajiuliza kwa nini anaficha. Kwa mtu aliyezama katika gongo, bangi, heroini au vidonge vya kutuliza maumivu, sababu kubwa ni kuogopa kujulikana. Katika mji kama Tabora hofu hiyo si ya kipuuzi. Karani wa dirisha la kadi huenda ni jirani yako wa Ng'ambo, muuguzi ulisoma naye Isevya, na mlinzi wa getini mnaswali safu moja. Ukiingia asubuhi, unahofu kwamba kabla ya Adhuhuri habari itakuwa imefika nyumbani kwa wakwe.

Katika makala hii tutaangalia taarifa zinazochukuliwa kwa mtu anayetibiwa uraibu, nani anayefaa kuziona, siri hiyo inaishia wapi, na mgonjwa na familia yake wafanye nini ili kuilinda.

Kwa nini siri ni jambo la tiba

Wapo wanaodhani kutunza siri ya mgonjwa ni adabu tu. La hasha! Siri inahusu uhai. Chukua mfano wa mtu anayekunywa gongo kila siku, kisha akavunjika mguu na kulazwa. Akiulizwa kama anakunywa pombe, anakana kwa sababu shemeji yake amesimama kando ya kitanda. Kwa vile pombe imekatika ghafla, ndani ya siku moja anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Anaweza kupata degedege, na kufikia siku ya pili hadi ya nne akawa anaona vitu visivyokuwepo na kupiga kelele. Ndugu husema ana majini, kumbe ni mwili unaodai pombe. Hali hii huua, lakini inazuilika kwa dawa ikiwa daktari aliambiwa ukweli tangu mwanzo.

Mfano wa pili ni mtu anayetumia methadoni, dawa anayopewa aliyezoea heroini ili aache kuitafuta mitaani. Akipata kifua kikuu akapewa rifampisini, dawa hiyo hupunguza methadoni iliyomo mwilini. Mgonjwa atapata arosto ingawa hajakosa dozi hata moja. Ikiwa aliificha kliniki ya kifua kikuu kwamba anatumia methadoni, hakuna atakayejua kilichotokea, na yeye atarudi kijiweni.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Aliyeacha heroini kwa wiki kadhaa mwili wake husahau kiwango alichokizoea. Akikimbia tiba kwa sababu habari zake zimevuja, kisha akarudia kiwango kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Basi ulimi wa mtumishi mmoja unaweza kumfikisha mtu kaburini, hata kama hakukusudia ubaya wowote.

Taarifa zinazochukuliwa

Mtu akifika kupata tiba ya uraibu huulizwa mengi kuliko mgonjwa wa malaria. Huulizwa jina, umri, anapoishi, namba ya simu, anatumia nini, kwa njia gani na tangu lini. Huulizwa kama aliwahi kufungwa, kama ana mke au mume, na nani atakuwa msaidizi wake wa tiba. Hupimwa mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu. Maswali hayo yana maana kwa tiba, lakini yakikusanywa pamoja ni maisha ya mtu mzima ndani ya faili moja. Kumbuka pia kwamba kutumia heroini au bangi ni kosa kwa sheria za nchi yetu. Faili la namna hiyo, likianguka mikono isiyofaa, lina madhara makubwa kuliko cheti cha malaria.

Wanaofaa kuliona faili hilo ni wale wanaomhudumia tu: daktari, muuguzi, mnasihi, mfamasia na ofisa ustawi wa jamii anayeshughulika naye. Na kila mmoja aone kile kinachohusu kazi yake. Anayetoa dawa anahitaji kujua dozi, hahitaji kusoma habari za ndoa ya mgonjwa. Madaftari ya MTUHA yanajazwa ili nchi ijue idadi ya wagonjwa, na kinachopaswa kupanda wilayani na mkoani ni hesabu, si majina. Kwa hiyo daftari lililoachwa wazi juu ya meza ya mapokezi, au kompyuta ambayo watumishi watano wanaifungua kwa neno la siri moja, ni uzembe usiokubalika.

Na mwajiri je? Cheti cha mapumziko, ambacho wengi tunakiita ED, kinatosha kumwambia kwamba mfanyakazi apumzike siku kadhaa. Kujua kwamba alilazwa kwa ajili ya pombe si haki yake ya moja kwa moja.

Sheria inasema nini

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inasema majibu ya kipimo cha VVU ni siri, na yanatolewa kwa mwingine katika hali chache tu zilizotajwa, ikiwamo kwa mwenzi na kwa mahakama. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kanuni yake ni kwamba taarifa nyeti zisichakatwe bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa pale sheria yenyewe iliporuhusu. Mwenyewe ana haki ya kuomba kujua nini kimeandikwa juu yake, kutaka kosa lisahihishwe, na kudai fidia akidhurika. Imeundwa pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hupokea malalamiko.

Wenzetu wamekwisha kuyaona haya. Marekani ilitunga sheria mwaka 1970 kwa wanaotibiwa pombe, na mwaka 1972 kwa wanaotibiwa dawa za kulevya, kwamba kumbukumbu zao zilindwe kuliko za magonjwa mengine. Waliona kwamba mtu akihofia faili lake litampeleka gerezani au litamfukuzisha kazi, hatakanyaga hospitali. Jirani zetu Kenya, mwezi Februari 2015, Rais aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU. Watu walikwenda mahakamani, na tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile linavunja Katiba. Iliamuru majina yale yahifadhiwe kwa namba za siri ili yasihusishwe na hali ya mtoto.

Hapa kwetu, mwezi Februari 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alitangaza hadharani majina ya watu waliotakiwa kufika polisi kuhusiana na dawa za kulevya. Ile ilikuwa orodha ya uchunguzi, si ya hospitali. Lakini mtu wa kawaida hatofautishi. Akisikia neno orodha, anadhani daftari la kliniki nalo litasomwa siku moja. Ndiyo maana kituo cha tiba kinawajibika kumweleza mgonjwa, kwa lugha nyepesi, kwamba daftari lake si la polisi.

Siri ina mipaka

Tusidanganyane, hakuna siri isiyo na mpaka. Mahakama ikitoa amri halali, kituo kitatii. Mtoto akiwa anateswa au kutelekezwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye taarifa aifikishe kwa serikali ya mtaa au kijiji. Mgonjwa akisema waziwazi kwamba leo anakwenda kumdhuru fulani, mtumishi hawezi kunyamaza. Mnasihi mwaminifu huyaeleza haya mwanzoni kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Na hata pale siri inapotolewa, hutolewa kwa anayehusika na kwa kiasi kinachohitajika. Haiwi ruhusa ya kusimulia mengine yote.

Barua iliyofungwa kwa lakiri

Watu wa Tabora tangu zamani ni watu wa njia. Misafara ya Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe kwenda Ujiji, na mizigo na barua za watu zililala hapa zikisubiri mchukuzi. Mwaka 1871 Stanley aliukuta Kwihara mfuko wa barua za Livingstone, wenye tarehe ya 1 Novemba 1870. Aliubeba hadi Ujiji na kumkabidhi mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeufungua. Mchukuzi kazi yake ni kufikisha.

Leo njia ni ya reli na lami, lakini mizigo ya siri bado inasafiri. Yupo mgonjwa anayeanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, akapelekwa Dodoma au Mwanza. Yupo kijana aliyeanza methadoni Muhimbili, ambako huduma hiyo ilianza mwezi Februari 2011, kisha akataka kurudi kwao Urambo au Sikonge. Yupo dereva wa lori anayelala Nzega leo na Kigoma kesho. Methadoni hunywewa kituoni mbele ya mtumishi, na anayeanza tiba hutakiwa kufika kila siku, hivyo safari yoyote inahitaji mawasiliano kati ya vituo. Barua ya rufaa iwe ndani ya bahasha iliyofungwa, isipewe kondakta, wala isipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama kundi hilo ni la watumishi. Kituo kimoja kikipigia kingine, kwanza kihakikishe kinaongea na nani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Mgonjwa, au anayemsindikiza kwa idhini yake, aulize yafuatayo:

1. Maelezo yangu yataandikwa wapi, na nani anaweza kuyafungua?

2. Mkinipigia simu au kunitumia ujumbe mtasemaje? Simu za nyumbani kwetu hushikwa na watu wengi, kwa hiyo toa namba ambayo ni yako peke yako.

3. Msaidizi wangu wa tiba mtamweleza nini na hamtamweleza nini?

4. Kama mnachukua picha au alama za vidole, ni za kazi gani?

5. Nikihama, taarifa zangu zitanifuata kwa njia gani?

6. Fomu hii ninayosaini inaruhusu nini? Kama hujui kusoma, isomwe mbele ya mtu unayemwamini.

Mwenye kuuliza haya hana kiburi. Kituo kizuri kina majibu tayari.

Familia na msikiti

Mara nyingi siri haivuji hospitali, inavujia nyumbani. Mama anamweleza shoga yake kwa uchungu, kaka anamtaja mdogo wake kwa hasira mbele za watu, na watoto wa mtaa wanaanza kumwita teja. Msikitini nako, kwa nia njema, mtu husimama baada ya swala akaomba jamaa wamuombee fulani bin fulani aache unga. Dua ni njema, lakini si lazima jina litajwe. Semeni mna mgonjwa. Allah anamjua. Sitara ya Mwislamu ni amana, na imamu au sheikh aliyeelezwa jambo faraghani amebeba amana ile ile aliyobeba daktari.

Siri ikivuja

Andika siku ilipotokea, nani alisema na nani alisikia. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa mganga mfawidhi wa kituo. Usiporidhika, lipo baraza la taaluma la madaktari na lile la wauguzi, na ipo Tume tuliyoitaja. Lakini zaidi ya yote, usikatize dawa kwa hasira. Omba kubadilishiwa mtumishi au kuhamishiwa kituo kingine huku ukiendelea na dozi yako. Haki hudaiwa na aliye hai.

Nanyi mnaofanya kazi katika vituo hivi, jueni kwamba mtu aliyekuja kwenu amekwisha kuishinda aibu kubwa kufika mlangoni tu. Wahenga walisema pia, mficha uchi hazai. Yeye amekubali kutoficha mbele yenu. Kazi yenu ni kumfunika.