Kaole, Zinga au Kerege?

SWALI: Nakaribia kustaafu na kelele za ndege hapa Kipawa zimenichosha. Natafuta kiwanja jirani na Bagamoyo. Niende kijiji gani?

JIBU: Kama bado una shughuli Dar, chukua Kerege, iko kwenye lami na usafiri haukupi shida. Mimi ningekwenda Kaole, kama kilomita 5 kutoka Mji Mkongwe wa Bagamoyo, jirani na magofu ya msikiti wa karne ya 13. Ila onja kwanza maji ya kisima: karibu na mikoko huwa na chumvi, na bati hushika kutu upesi. Kwa Zinga na jirani yake Mlingotini, usitoe hata shilingi kabla ofisi ya ardhi ya halmashauri haijakuonyesha ramani ya maeneo ya uwekezaji na bandari ya Mbegani. Mhuri wa mwenyekiti wa kijiji pekee hautoshi, hata dalali awe shemeji yako.