Yngve Sjöstedt, Mtaalamu wa Wadudu

Yngve Sjöstedt alizaliwa Uswidi mwaka 1866. Mwaka 1900 alitoa kitabu kuhusu mchwa wa Afrika. Tangu mwaka 1902 hadi 1933 aliongoza idara ya wadudu katika jumba la makumbusho ya viumbe mjini Stockholm. Alifariki mwaka 1948.

Mwaka 1905 alifika nchini kwetu, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wajerumani. Hadi mwaka 1906 alikusanya wanyama, hasa wadudu, katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Wadudu wengi kati ya hao walikuwa hawajapewa majina ya kisayansi.

Je, kumkamata mdudu kunatosha? La, hakutoshi. Kila mdudu hana budi kuwa na kikaratasi chenye habari zake. Vikaratasi vya wadudu wa Kibong'oto, kwa mfano, vyaonyesha kuwa walipatikana baina ya mita 1300 na mita 1900 juu ya usawa wa bahari. Mdudu asiye na kikaratasi hutuonyesha umbo lake tu, wala hatujui alikoishi. Kwa kufuata vikaratasi hivyo, twaweza kurudi mlimani na kuchunguza kama wadudu wa aina ile wangali wanaishi pale pale, au wametoweka kwa sababu msitu umefyekwa.

Zoezi
Tafuta panzi karibu na shule. Andika tarehe, mahali ulipomwona na mmea aliokuwa juu yake. Kisha mwachie. Rudia kazi hii mwezi ujao. Umeona tofauti gani?