Vidokezo 9 Kabla ya Kupandikiza Samaki Tlawi na Basotu

Nyavu zikianza kutoka tupu, kikao cha kijiji huishia kwenye ombi moja: tuletewe vifaranga. Ombi hilo lina nia njema, lakini ziwa dogo halijai samaki kwa sababu tu lori limefika. Ziwa Tlawi lililo jirani na mji wa Mbulu, au Ziwa Basotu la Hanang lililozungukwa na nchi ya ngano, linaweza kujijaza lenyewe likipata vitu vitatu: maji ya kutosha, mazalia yaliyotulia, na muda wa samaki kukua. Vitatu hivyo vikikosekana, vifaranga ni pesa iliyotupwa majini. Vikiwepo, huenda hata visihitajike. Kabla hamjachanga fedha, pitieni haya.

1. Lijue ziwa lako ni la aina gani

Hanang peke yake ina maziwa ya tabia tofauti kabisa. Basotu ni la maji baridi. Balangida, chini ya Mlima Hanang, ni la chumvi, kina chake ni kifupi, na kiangazi kikali huliacha likiwa uwanja mweupe. Kumwaga vifaranga vya sato, aina ya perege, Balangida ni kuwaua.

Kwa ziwa la maji baridi, anzeni na kina. Chukueni mtumbwi, kamba yenye mafundo kila nusu mita na jiwe zito, mpime sehemu nyingi. Pimeni Oktoba, mvua zikiwa bado hazijaanza, kwa sababu samaki huishi au kufa kwa kina cha kiangazi. Kina cha masika hudanganya.

2. Zuieni udongo kwanza

Adui mkubwa wa maziwa madogo ya nyanda hizi huteremka kutoka mashambani. Kila mvua kubwa huleta tope, tope hupunguza kina, hufunika mayai na kuziba mwanga unaolisha mwani. Hanang haihitaji kuambiwa nguvu ya udongo ulioachia mlimani: tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yaliifikia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Tope la kila msimu halipigi kelele kama lile, lakini nalo hufika chini.

Dawa yake inajulikana hapa hapa. Wakulima wa Kiiraqw wa Kainam wamelima miteremko mikali kwa vizazi kwa kutumia matuta na samadi. Utaalamu huo uletwe kwenye mashamba yanayoteremkia ziwani. Kisha isimamiwe sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanda huo ukiachiwa matete na nyasi, udongo mwingi utanaswa kabla haujagusa maji. Mifugo nayo itengewe njia moja au mbili za kunywea, isivuruge ukingo mzima.

3. Someni rangi ya maji

Fungeni sahani nyeupe kwenye kamba, muishushe majini polepole mchana, kisha mpime ni kina gani inapopotea machoni. Wafugaji wa samaki wa bwawani hupenda ipotee kati ya sentimita 25 na 40 katika maji ya kijani, maana kijani hicho ni mwani, chakula cha perege. Ikipotea mapema katika maji ya kahawia, mnachokiona ni udongo, na udongo haumlishi samaki.

Nendeni pia ziwani alfajiri. Samaki wakionekana wamepanda juu wakihema kwa midomo wazi, hewa imekwisha majini. Usiku mwani hautoi hewa, huitumia. Mbolea ya shambani na taka za mji zikiingia kwa wingi, mwani hufumuka, hufa, huoza, na asubuhi moja samaki huelea wamekufa. Ziwa lililo karibu na mji liko hatarini zaidi, kwa hiyo mitaro ya maji machafu ielekezwe kwingine.

4. Hesabuni waliomo kabla ya kuongeza

Hiki ndicho kidokezo kinachorukwa kuliko vyote, na ndicho kinachookoa fedha nyingi kuliko vyote. Mwombeni afisa uvuvi wa halmashauri asimamie uvuvi wa majaribio kwa nyavu za macho tofauti, madogo hadi makubwa. Asimamie yeye, kwa sababu baadhi ya macho hayo hayaruhusiwi katika uvuvi wa kawaida. Kila samaki apimwe urefu na uzito, kisha apasuliwe kuona kama ana mayai.

Matokeo yana maana zake:

- Mkipata perege wengi wadogo, na wale wadogo tayari wana mayai, ziwa limejaa kupita kiasi. Wamedumaa kwa kugombea chakula. Kuongeza vifaranga hapo ni kuongeza njaa.
- Mkipata wakubwa wachache bila watoto, mazalia yameharibika au vifaranga vinaliwa vyote. Tengenezeni mazalia.
- Mkipata wadogo tu, wenye afya na wasio na mayai, wakubwa wanavuliwa kabla hawajazaa. Tatizo ni nyavu.
- Mkipata karibu hakuna, na maji ni ya kijani, yana kina na hewa ya kutosha, basi hapo kupandikiza kuna sababu.

5. Yalindeni mazalia

Perege dume huchimba kiota kwenye maji mafupi yenye mchanga. Maji yakiwa angavu utaviona viota vyenyewe: visahani vya mviringo, vimepangana, kila kimoja na dume wake akifukuza majirani. Katika jamii ya sato, jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai mdomoni na kuyatunza humo hadi watoto waweze kujitegemea. Wakati huo jike hali karibu chochote. Kokoro moja likiburutwa juu ya eneo hilo huvunja viota na kuwazoa majike pamoja na watoto walio midomoni mwao.

Kwa hiyo kubalianeni ghuba moja au mbili zisizovuliwa kabisa, mziwekee alama za nguzo zinazoonekana kutoka mbali. Matete msiyafyeke yote. Ndiyo maficho ya watoto dhidi ya mnandi na kambale.

6. Lipeni ziwa likizo

Tanzania ililifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane na kukua. Ikiwa ziwa kubwa kama lile linahitaji kupumzishwa, ziwa ambalo mtu huona ng'ambo yake linahitaji zaidi. Msimu wa kufunga upangwe na wavuvi wenyewe, utangazwe mapema, na uendane na miezi ambayo uvuvi wa majaribio umeonyesha majike wengi wana mayai.

Wavuvi nao wasiachwe mikono mitupu. Kazi za kupanda miti ukingoni, kuzibua mitaro na kulinda mazalia zipewe wao kwanza.

7. Msilete mgeni

Afrika Mashariki ina somo kubwa kuliko maelezo yoyote. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na aina nyingi za furu zikatoweka. Viwanda vilipata samaki wa kuuza nje, lakini ngege, perege wa asili aliyelisha wavuvi kwa muda mrefu, naye karibu atoweke katika ziwa kuu. Leo anapatikana zaidi katika maziwa madogo ya pembeni. Tazameni thamani ya ziwa dogo: limehifadhi mbegu ambayo ziwa kubwa limekaribia kuipoteza.

Ziwa Naivasha la Kenya nalo, karibu kila samaki anayevuliwa humo ametoka kwingine. Karpi aliingia bila mtu kumpandikiza kwa makusudi. Alianza kuonekana kwenye nyavu mwaka 2001, na baada ya miaka michache akawa ndiye samaki mkuu wa pale.

Nyanda za Mbulu zimekaa kati ya Ziwa Eyasi na Ziwa Manyara. Katika maziwa hayo yumo Oreochromis amphimelas, perege anayestahimili maji ya chumvi, asiyepatikana kwa asili nje ya Tanzania. Perege wa aina tofauti huzaana wao kwa wao, na mbegu ya asili huchanganyika hadi ikapotea. Samaki anayetoroka bwawani wakati wa mafuriko hafuati mipaka ya wilaya. Msihamishe samaki kutoka maji mamoja kwenda mengine bila kibali cha mamlaka za uvuvi, hata kama ni ndoo moja.

8. Mkipandikiza, pandikizeni kwa hesabu

- Msimu: Sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi joto 25 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 hula kidogo na kudorora. Mbulu ya Juni na Julai inajulikana kwa baridi. Leteni vifaranga miezi ya joto, kati ya Novemba na Februari.
- Jinsia: Vifaranga vya madume matupu ni vizuri bwawani, kwa kuwa hawazaani hovyo. Ziwani wanavuliwa mara moja na hadithi imeisha. Mkitaka kizazi, ombeni wa jinsia zote mbili.
- Asili: Nunueni kwenye kituo kinachotambuliwa na serikali, mpewe maelezo ya aina na afya ya samaki. Kituo cha Kingolwira, Morogoro, ni mojawapo.
- Ukubwa: Kifaranga mwenye urefu wa kidole ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko mdogo kama punje.
- Safari: Wasipewe chakula siku moja kabla ya kusafiri. Wafungwe kwenye mifuko ya plastiki yenye maji kiasi na hewa ya oksijeni nyingi, wasafiri usiku au alfajiri.
- Kuwaachia: Mfuko uelee ziwani dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Ufunguliwe, maji ya ziwa yaingizwe kidogo kidogo, kisha ulazwe ubavu. Msiwamimine. Mwenye nguvu atatoka mwenyewe na kuelekea kwenye matete. Waachieni sehemu mbalimbali, jirani na maficho.

9. Wekeni msimamizi na daftari

Undeni kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kile ambacho wavuvi hukiita BMU, kitambuliwe kisheria, na wanawake wanaochuuza samaki wawemo. Wao huona ukubwa wa samaki ukishuka kabla ya mtu mwingine yeyote. Daftari liandikwe kila siku: mitumbwi mingapi imetoka, nyavu ngapi, kilo ngapi, samaki mkubwa kabisa ana urefu gani. Kilo kwa kila wavu zikishuka miezi mitatu mfululizo, kaeni kikao bila kungoja mwaka uishe.

Masuala ya maji yapelekwe Bodi ya Maji Bonde la Kati, Singida. Ya samaki yapelekwe kwa afisa uvuvi. Baada ya miezi sita, rudieni uvuvi wa majaribio wa kidokezo cha nne kwa nyavu zilezile na sehemu zilezile, mlinganishe. Takwimu hizo ndizo zitakazoamua kama vifaranga vingine viagizwe, na ndizo zitakazoipa nguvu hoja yenu mkifika halmashauri kuomba bajeti ya kulinda ziwa.