Mbwa Aliyejeruhiwa: Namna ya Kumsaidia

Mbwa ni mlinzi wa shamba. Yeye huwafukuza nguruwe-mwitu na nyani katika mahindi, na mara nyingi hurudi nyumbani ameraruliwa. Watu wengi humwacha alale chini ya ghala, apone au afe. Sivyo ifaavyo. Msaada mdogo upesi waweza kumponya. Lakini msaada usio na akili waweza kumdhuru mbwa na mwenyewe pia.

1. Jilinde kwanza. Mbwa mwenye maumivu huuma hata bwana wake. Mwendee polepole, ukisema naye kwa upole. Chukua kitambaa kirefu, kizungushe juu ya pua, kipitishe chini ya taya, ukifunge nyuma ya masikio. Lakini akitapika au akihema kwa shida, usimfunge mdomo, maana atakosa pumzi.

2. Zuia damu. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa mkono dakika 10 bila kufunua. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake, wala usiondoe cha kwanza. Mti au mshale ulioingia ndani usiuchomoe. Matumbo yakitokea nje usiyarudishe. Yafunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

3. Safisha jeraha dogo. Tia kijiko 1 cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, ulioshe. Usitie majivu, samadi wala mafuta ya taa. Kisha lifunike, ili inzi wasitage mayai humo na kuleta funza.

4. Mbebe vema. Mlaze juu ya ubao au gunia lililokazwa, asipindike mgongo. Ukiona ufizi umekuwa mweupe na miguu imepoa, ujue yu hatarini: mfunike, umpeleke kwa mganga wa mifugo bila kukawia. Usimpe chakula, wala dawa za watu. Parasetamoli yaweza kumwua.

5. Kumbuka kichaa cha mbwa. Mbwa aliyebadilika tabia, atokwaye na udenda, ashindwaye kumeza, usimguse. Waonye jirani na watoto, ukampashe habari mganga wa mifugo. Mtu akiumwa, au mate ya mbwa yakiingia katika kidonda chake, aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate sindano. Asingoje kuona kama ataugua: dalili zikiisha kutokea, karibu wote hufa.

Basi, weka nyumbani kitambaa safi, sabuni na chumvi. Tena mpeleke mbwa wako achanjwe kila mwaka, angali mzima, ili siku atakapojeruhiwa uweze kumkaribia kwa hofu iliyo pungufu.