Kabla ya Kupakia Mzigo wa Nyongeza: Mwongozo kwa Wasafirishaji

Mwongozo huu unawahusu wenye magari ya mizigo na wasimamizi wao, hasa wanaobeba shehena za serikali. Mfano wake ni maisha ya Alexander Majors, Mmarekani aliyezaliwa Kentucky mwaka 1814, akaanza mwaka 1848 kupeleka mizigo Santa Fe kutoka Missouri kwa magari ya kukokotwa na maksai.

Majors alimwapisha kila mwajiriwa: asitukane, asilewe, asigombane, asiwatese wanyama. Jumapili msafara wote ulipumzika. Nasi tuandike mapumziko ya dereva kwenye ratiba, na msimamizi asiyafute kwa kuwa mteja ana haraka.

Nidhamu hiyo ya njiani, hata hivyo, haikumkinga na maamuzi ya ofisini. Mwaka 1857 yeye na washirika wake, William Russell na William Waddell, walikuwa wameshatuma shehena za jeshi za mwaka huo pale jeshi lilipotaka mzigo mwingine mkubwa upelekwe Utah, kulikokuwa na mgogoro na Wamormoni. Walikubali kwa kuamini kwamba watalipwa. Magari na maksai wa ziada wakanunuliwa kwa bei ya juu. Mwezi Oktoba wanamgambo wa Kimormoni wakachoma misafara yao. Hasara ilikaribia dola 500,000, na serikali haikuwafidia.

Kwa hiyo ombi la nyongeza lisikubaliwe kwa mdomo, hata likitoka kwa mteja wa miaka mingi. Ipatikane kwanza barua ya mwenye mamlaka ya kulipa, si ya mpokeaji wa ghalani, ikitaja bei, siku ya malipo, na nani atabeba hasara mali ikiungua au ikiporwa.

Jambo la pili ni uzito wa saini. Russell aliahidi kuanzisha Pony Express, huduma ya kupeleka barua kwa wapanda farasi, kabla ya kuwashauri wenzake. Walipinga, lakini wakaitimiza ahadi yake kwa kulinda jina la kampuni. Huduma ilianza Aprili 1860. Oktoba 1861 telegrafu ikaimaliza. Machi 1862 mali yao ilinadiwa kwa sababu ya madeni, akainunua mdai wao Ben Holladay.

Mkataba wa ushirika uweke kiwango cha deni ambacho hakuna mshirika atakayekivuka bila saini ya wenzake, na benki ipewe nakala.